Jina la nani litangulie? Maswali ya wanandoa kuhusu PR ya Kanada

Mwezi huu barua za wanandoa zimekuwa nyingi mno na karibu zote zinatoka Kanada au zinaelekea Kanada, kwaiyo nimeamua safu nzima iwe ya jambo hilo hilo moja, PR, yaani ukaazi wa kudumu. Nimechagua nne. Mimi si mwanasheria, ila mimi na mume wangu tumepita njia hii wenyewe, tumekaa usiku na makaratasi mezani mpaka chai inapoa, na toka hapo sijaacha kusoma kanuni za IRCC, ile idara yao ya uhamiaji, maana kila zinapobadilika kuna mtu ananipigia simu.

SWALI: Dada, salaam. Tupo Winnipeg, mimi na mume wangu, hatujajaliwa mtoto bado. Yeye alikuja kusoma, mimi nikamfuata kwa kibali cha kazi cha mwenza. Ana miaka 38, digrii ya nyumbani na diploma ya mwaka mmoja ya hapa, nyumbani alifanya kazi miaka mitano, hapa ni msimamizi ghalani na mwaka umetimia. Mimi nina 29, digrii ya uhasibu, nyumbani nilifanya kazi miaka mitatu, hapa nashika vitabu vya hesabu vya kampuni ndogo na mimi mwaka umetimia. Mtihani wa Kiingereza nimepata CLB 9 (CLB ni kipimo cha Kanada cha Kiingereza) sehemu zote, yeye 8 zote. Tunataka kuingia Express Entry, ule mfumo wa PR wa kuitwa kwa pointi, na mume wangu anasema yeye ndo kichwa cha nyumba na ndiye aliyetuleta huku, jina lake litangulie. Mimi naona kama pointi zangu ni nyingi ila naogopa kusema, itaonekana namdharau. Na akaunti ipo kwenye simu yake, paswedi sina. Nifanyeje? – Mke, Winnipeg

JIBU: Mdogo wangu, nimeshika kalamu nikawapigia hesabu kwa jedwali lao lenyewe, mara mbili, mara ya kwanza yeye mbele na mara ya pili wewe mbele. Yeye akitangulia mnapata 445. Wewe ukitangulia mnapata 477. Ni ndoa ile ile na watu wale wale, kilichobadilika ni jina la juu tu, na tofauti ni pointi 32.

Nikueleze zinatoka wapi ili ukienda kuongea naye uwe na kitu mkononi. Mtu aliyeoa au kuolewa, jedwali linampa muombaji mkuu mpaka pointi 460 kwa umri, elimu, lugha na kazi ya Kanada, alafu mwenza anachangia 40 tu basi, 10 za elimu, 20 za lugha, 10 za kazi ya Kanada. Umri wa mwenza hauhesabiwi kabisa. Sasa wewe una miaka 29, umri wako una pointi 100 kamili, wa mumeo wa miaka 38 una 55. Yeye akitangulia, ujana wako wote unatupwa. Lugha hivyo hivyo, CLB 9 yako ina 116 na 8 yake ina 88, ila ukikaa nafasi ya mwenza hiyo lugha yako nzuri inaleta 20 tu. Yeye anakushinda kwenye elimu kwa sababu ana vyeti viwili, na kusoma Kanada kunampa 15 za ziada ambazo akikaa nyuma zinapotea, nimeshazitoa kwenye hesabu, na bado wewe unaongoza.

Kuhusu kichwa cha nyumba. Nimeolewa, najua hilo neno linavyokaa ndani ya nyumba na sitaki ulipuuze. Ila mwambie hivi: muombaji mkuu ni neno la fomu tu. Siku mkikubaliwa nyote wawili mnapewa PR ile ile, kadi zile zile, haki zile zile, hakuna kadi inayoandikwa huyu ni wa kwanza na huyu ni wa pili. Mwonyeshe karatasi ya hesabu, usianze na maneno. Mume wangu mimi alikaa kimya siku mbili alafu asubuhi ya tatu akasema haya, andika jina lako. Na kama bado kuna uzito kuna njia ya katikati ambayo wengi hawaijui, kila mmoja anaruhusiwa kufungua profaili yake na kumtaja mwenzake kama mwenza, itakayoitwa kwanza ndo mnaenda nayo.

Nisikudanganye lakini, 477 peke yake haitoshi sasa hivi. Raundi zote za kuita watu za CEC za mwaka 2025, yaani za watu wenye kazi ya Kanada kama nyie, zilikata juu ya 500, chini ya hapo huitwi. Mwaka wako wa pili wa kazi ukitimia unaongeza 11 za kazi yenyewe na 12 kwenye muunganiko, zile pointi za kuunganisha elimu na kazi, ila ukifika miaka 30 unapoteza 5. Lugha ukiipandisha mpaka CLB 10 sehemu zote ni 12 nyingine, na hapo utakuwa umevuka 500. Na mpo Manitoba, mkoa ukikuteua kupitia Express Entry ni pointi 600 kwa mpigo, kwaiyo fuatilieni na hilo, msisubiri raundi za shirikisho tu.

Kwenye mtihani usiende kichwa kichwa. CLB 9 kwa IELTS General, mmoja wa mitihani ya Kiingereza, ni kusikiliza 8 na kusoma, kuandika na kuzungumza 7. Mimi mara ya kwanza kuandika nilipata 6.5, sehemu tatu zingine nzuri tu, na ile nusu alama ikanila pointi 7 za lugha na 12 za muunganiko wa elimu na lugha, maana muunganiko unataka 9 sehemu zote nne, ukikosa moja umekosa. Nililia kwenye basi namba 18 nikirudi nyumbani. Nikarudia baada ya miezi miwili, kila siku insha moja kwa saa ya jikoni, nikapata 7. Kwa CLB 10 unatakiwa kusikiliza 8.5, kusoma 8, kuandika na kuzungumza 7.5. Matokeo yanaishi miaka miwili, angalia yako yanaisha lini.

Gharama nazo ziangalieni mapema. Kwa bei iliyoanza 30 Aprili 2024 kila mtu mzima alikuwa analipa dola za Kanada 1,525, yaani 950 za maombi na 575 za haki ya ukaazi, alama za vidole 170 kwa familia, na bei huwa wanazipandisha kila baada ya miaka miwili kwaiyo hakikisheni kabla ya kulipa. Vipimo vya afya toka 21 Agosti 2025 lazima viwe tayari mnapotuma maombi, sio kusubiri kuambiwa kama zamani.

Na paswedi. Hapa naongea kama dada mtu: uijue. Wakiwaita mna siku 60 tu za kutuma kila kitu, na barua inaingia ndani ya akaunti. Simu ya mumeo ikiibiwa au akiwa zamu ya usiku wiki nzima asiingie humo, nafasi inawapita. Andikeni paswedi kwenye daftari, barua pepe iwe mnayoweza kuifungua wote, na kila hati iliyoskaniwa kila mmoja awe na nakala yake. Hilo liwe hivyo hata jina linalotangulia likiwa lako.

SWALI: Dada habari za kazi. Nipo Brampton na mke wangu, tumeoana 2022. Kabla ya hapo nilizaa na dada mmoja Tanga, mtoto wa kike, ana miaka 9, anakaa kwa bibi yake. Mke wangu hajui. Tunajaza maombi ya PR na jamaa anayetusaidia fomu kaniambia nisimtaje mtoto, eti nitaongeza gharama na kuchelewesha, nikishapata PR nitamleta kimya kimya. Wewe unasemaje? – Baba, Brampton

JIBU: Kaka yangu, usifanye hivyo. Nakuomba kabisa.

Kanuni ya Kanada inasema kila mwanafamilia atajwe na apimwe afya, awe anakuja na wewe au hakufuati kabisa. Mtoto wa chini ya miaka 22 ambaye hajaoa wala kuolewa ni mwanafamilia wako hata kama hujawahi kuishi naye nyumba moja. Usipomtaja na ukaingia kwenye PR bila yeye kupimwa, kwa kanuni hiyo hutaweza kumdhamini baadae kwenye daraja la familia. Watu wa huku wanaijua kwa namba, 117(9)(d), na ukiitaja kwenye chumba chenye wahamiaji utaona sura zinavyobadilika. Inabaki kuomba msamaha maalumu, kama ule wa huruma ya kibinadamu, njia ambayo ni ndefu, ina gharama na haina uhakika.

Namjua mzee mmoja aliyeshauriwa hivyo hivyo. Watoto wawili hakuwaandika, alidhani ni suala la mwaka mmoja. Kila Ijumaa jioni anafungua video anaongea nao na sasa sauti ya mvulana imeshakuwa nzito. Siku moja akanionyesha viatu alivyomnunulia huyo mvulana alipokuwa mdogo, bado vipo kwenye boksi lake juu ya kabati, havijawahi kutumwa.

Alafu kuna la pili, kuficha ni kudanganya kwenye maombi, na adhabu yake ni kuzuiwa miaka mitano. Mkeo yumo kwenye maombi hayo hayo, maombi yakianguka na yeye ameanguka kwa kitu asichokijua. Na hata mkipata PR, jambo likigundulika miaka ya mbele wanaweza kuifungua upya.

Kwaiyo fanya hivi. Leo usiku zungumza na mkeo, wewe mwenyewe, kabla fomu haijaongea, maana mtoto ataandikwa na mkeo atayaona hayo maandishi. Atakasirika na ana haki ya kukasirika, mwache akasirike. Mtoto muandike, kama hamji naye sasa andika kwamba hafuatani na wewe ila mpeleke apimwe kwa daktari aliyeteuliwa na IRCC. Mama yake akikataa mtoto asipimwe usikae kimya, andika barua ya maelezo na uambatanishe ulivyojaribu, meseji, kila kitu, afisa aone kwamba hukuficha. Kama fomu mlishatuma na uamuzi haujatoka, sahihisheni sasa hivi, usisubiri kuulizwa.

Na huyo jamaa anayewasaidia, muulize ana leseni? Kanada anayelipwa kwa kazi hiyo lazima awe mwanasheria au msaidizi wa sheria (paralegal) mwenye leseni, au konsaltanti aliyesajiliwa na College of Immigration and Citizenship Consultants, au Quebec awe mthibitishaji wao wa sheria. Majina yao yapo wazi mtandaoni, dakika mbili tu umeshamtafuta. Asipokuwemo chukua hati zako uondoke.

SWALI: Asalaam aleikum dada. Mimi ni Mzanzibari nafanya kazi Muscat. Mwaka jana nimeolewa, mume wangu yupo Calgary, na kwa sababu ya nauli na likizo ndoa ilifungwa kwa simu, baba na mashahidi wapo Unguja, yeye yupo kwenye video Calgary na mimi nipo kwenye video Muscat. Sheikh aliridhia na cheti tunacho. Yeye kaitwa Express Entry na anataka kuniingiza kama mke. Kuna mtu kanitisha kwamba Kanada hawaitambui ndoa yetu. Ni kweli? – Bi Harusi, Muscat

JIBU: Waaleikum salaam bi harusi, na Mungu awape heri. Ndoa yenu mbele ya dini waulizeni masheikh, mimi sigusi. Ila kwa mambo ya uhamiaji aliyekwambia hakukosea, toka 11 Juni 2015 Kanada haiitambui ndoa ambayo mmoja wenu au wote wawili hamkuwepo kwa mwili wakati inafungwa, iwe kwa simu, kwa mtandao au kwa wakili, isipokuwa wanajeshi wao walio kazini. Cheti kiwe kizuri vipi, hapo hakisaidii.

Dawa yake ipo na siyo ngumu. Kutaneni mahali pamoja, Unguja, Muscat, popote sheria inaporuhusu, ndoa ifungwe tena nyote wawili mkiwepo na isajiliwe serikalini. Ila angalieni saa. Siku zake 60 zinakimbia, na kubwa kuliko hilo ni lazima ujulikane kwenye maombi yake kabla hajawa PR. Mkifunga ndoa wakati maombi yapo njiani awajulishe mara moja, uongezwe na upimwe. Akiingia kwenye PR na ndoa halali anayo lakini hajaitaja, mmeingia kwenye mtego ule ule niliomweleza yule baba wa Brampton. Mkiona hamuwahi, basi aeleze ukweli wote kwenye maombi yake, ndoa ile ya simu na tarehe zake, kisha mkifunga upya baada ya yeye kuwa PR akudhamini kama mke. Namna ya kujaza sehemu ya hali ya ndoa kwa sasa isikamilishwe kwa kubahatisha, alipie saa moja ya mtu mwenye leseni, hela hiyo haitapotea.

Anza na yako pia, cheti cha polisi. Wanataka cha kila nchi uliyoishi miezi sita mfululizo au zaidi ndani ya miaka kumi, kwaiyo wewe ni Tanzania na Oman zote mbili. Cha Oman kitafute wakati bado upo kazini hapo, ukishaondoka kinakuwa safari.

Na cheti cha ndoa kikiwa kwa Kiswahili au Kiarabu kitafsiriwe na mfasiri aliyethibitishwa, sio wewe, sio mume, sio shemeji hata kama ni mwalimu wa Kiingereza, ndugu hawaruhusiwi. Kisome herufi kwa herufi kabla hujatoka kwenye ofisi ya msajili. Chetu sisi kiliandikwa kwa mkono, wino wa bluu umeanza kufifia kwenye mkunjo, na aliyeandika akaacha herufi moja: pasi yangu ina Khadija, cheti kina Hadija. Kwa mtu wa kwetu hilo ni jina lile lile. Kwa afisa aliyekaa upande wa pili wa dunia ni wanawake wawili. Ilibidi ndugu yangu aende mahakamani kuniandalia hati ya kiapo, wiki tatu, kwa herufi moja.

SWALI: Dada, sisi ni watu wa Lubumbashi, tuko Ottawa, mimi na bibi yangu, yaani mke wangu. Tulisoma yote kwa Kifaransa. Kiingereza chetu ni kidogo, pointi zetu haziko nyingi, 400 na kitu. Tukate tamaa? – Papa, Ottawa

JIBU: Papa, msikate tamaa hata kidogo, nyie mna kitu ambacho wengi tunakililia. Toka 2023 Kanada inafanya raundi za makundi na moja ni ya wenye Kifaransa, na zinakata chini sana, Machi 2025 ilishuka mpaka 379 wakati zile za CEC zilikuwa juu ya 500. Na kuna pointi za ziada, ukifika NCLC 7 (NCLC ni kama CLB ila ya Kifaransa) sehemu zote nne ni 25, na ukiwa na Kiingereza cha CLB 5 juu yake zinakuwa 50.

Ila kusoma kwa Kifaransa toka chekechea hakuhesabiwi bila mtihani. Fanyeni mtihani wa Kifaransa, TEF Canada au TCF Canada, wote wawili, alafu mpige hesabu mara mbili kama nilivyomfanyia yule dada wa Winnipeg, mama mbele na papa mbele. Kama mama ndiye mwenye umri mdogo huenda mkashangaa. Sehemu inayowaangusha wengi wanaoongea Kifaransa vizuri ni ya kuandika, maana nyumbani tunaongea tu hatuandiki, kwaiyo kaeni mezani muandike barua kila siku kwa mwezi mzima kabla ya kulipia, na mtihani wa Kiingereza nao ufanyeni hata kama mnakiona kidogo, CLB 5 siyo mbali.